Pembe Nyuma ya Mlango

Nyuma ya jukwaa la ukumbi wa muziki, katika ujia ambamo makasha ya ala yamelazwa sakafuni na makoti yametundikwa ukutani, amesimama mtu mmoja peke yake. Amevaa suti nyeusi kama wenzake walio jukwaani, ingawa hakuna atakayeiona. Mkononi ameshika ala ya shaba. Mlango ulio mbele yake umeachwa wazi kiasi cha upana wa kiganja. Kwa muda wa dakika hamsini hivi amekuwa akiwasikiliza wenzake wakipiga, naye hajatoa sauti hata moja. Na sasa zimebaki dakika chache tu kabla hajatakiwa kupuliza wimbo ambao wengi wa waliomo ukumbini wanausubiri kuliko kitu kingine chochote cha usiku huo.

Wimbo huo umo katika sehemu ya tatu ya Simfonia ya Tatu ya Gustav Mahler, mtungaji aliyezaliwa Bohemia mwaka 1860 na kufariki mjini Vienna mwaka 1911. Simfonia hiyo, aliyoimaliza mwaka 1896, ni miongoni mwa kazi ndefu mno za okestra. Huchukua zaidi ya saa moja na nusu; ina sehemu sita, okestra kubwa, mwimbaji mmoja wa kike, kwaya ya wanawake na kwaya ya wavulana. Katikati ya jeshi lote hilo mtungaji anamtaka mpulizaji mmoja atoke, aende mbali, akapulize kutoka mahali asipoonekana. Na juu ya mstari wake ameandika jina la ala anayoitaka: pembe ya posta.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, ndugu msomaji. Kwa maana pembe ya posta ni ala ambayo karibu hakuna mpulizaji wa okestra aliyeizoea, wala si kila okestra inayo. Tangu Mahler mwenyewe alipoiongoza simfonia hii kwa mara ya kwanza yote kamili, mjini Krefeld tarehe 9 Juni, 1902, kila okestra inayoithubutu haina budi kujiuliza upya: ni ala gani ipulizwe nyuma ya mlango ule?

PEMBE YA TARISHI

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa tujue kile kinachoigizwa. Katika nchi za Ulaya ya kati, kabla ya reli kuenea, barua na abiria walisafirishwa kwa magari ya farasi. Ukoo wa Thurn und Taxis uliishika kazi hiyo katika nchi za Kijerumani kwa karne kadhaa, mpaka Prussia ilipouchukulia shughuli zake za posta mwaka 1867. Mwendesha farasi wa posta alining'iniza begani pembe ndogo ya shaba iliyokunjwa duara. Kwa pembe hiyo alitangaza kufika kwake na kuondoka kwake, akawataka wenye magari mengine wampishe njiani, na usiku akawaamsha walinzi wa malango ya miji. Hata leo mchoro wa pembe hiyo ndio nembo ya posta ya Ujerumani.

Kwa hiyo watu wa zama hizo walipoisikia ikilia kwa mbali hawakusikia muziki tu. Walisikia kwamba huenda kuna barua. Huenda mwana aliyesafiri ameandika, huenda hakuandika. Franz Schubert, mwaka 1827, alitunga wimbo mzima juu ya moyo wa mtu unaoruka kwa kusikia pembe ya posta barabarani hali barua yake haimo. Mozart naye aliiingiza pembe yenyewe ndani ya okestra, katika serenadi aliyoitunga Salzburg mwaka 1779. Lakini Mahler alipokuwa akiandika, katika miaka ya 1890, treni ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya barua. Pembe ilikuwa imekwisha kuwa kumbukumbu, na nadhani ndiyo sababu akaiweka mbali: jambo lililopita haliwezi kuketi mbele, kati ya fidla.

Wachambuzi wengi wameuhusisha wimbo huu na shairi moja la Nikolaus Lenau, mshairi wa Austria aliyefariki mwaka 1850. Katika shairi hilo, mwendesha farasi wa posta anasimamisha gari usiku wa masika kando ya ukuta wa makaburi. Humo amezikwa mwenzake wa kazi, ambaye hakuna aliyeweza kushindana naye kwa kupuliza. Mwendeshaji anaishika pembe, anampulizia marehemu wimbo aliokuwa akiupenda, na mlima unaurudisha mwangwi kana kwamba aliyelala anaitikia. Kisha gari linaendelea na safari. Msomaji akikumbuka kisa hicho ataelewa kwa nini uchaguzi wa ala hapa si jambo la fundi peke yake. Sauti ikija karibu mno, au ikija kali mno, kaburi linapotea na mlima unapotea, anabaki mtu anayepiga tarumbeta kwenye ujia.

NGAZI ISIYO NA VIPAGO

Pembe ya tarishi ya kale haikuwa na valvu, yaani vile vifungo vitatu vinavyobonyezwa kwa vidole ili kuurefusha mzunguko wa hewa ndani ya bomba. Bomba lisilo na valvu hutoa sauti chache tu, zile ambazo urefu wake unaziruhusu. Ni kama ngazi iliyong'olewa vipago vingi upande wa chini, ikabakiwa na vipago vilivyokaribiana kule juu tu. Msomaji wa pwani aliyepata kuisikia siwa ataelewa mara moja. Siwa humtukuza mtu na huweza kutisha, lakini hakuna aliyewahi kuidai iimbe taarabu.

Wimbo wa Mahler hauchezeki juu ya ngazi ya namna hiyo. Unapanda na kushuka hatua kwa hatua, unatulia juu ya noti moja, unasitasita, unaendelea, kama mtu anayejiimbia mwenyewe. Ni dhahiri basi kwamba hata Mahler hakuitaka pembe ile ya tarishi kwa asili yake. Alitaka ala yenye valvu ipulizwe kwa namna ya pembe ya posta, na ndivyo alivyoeleza kwenye karatasi zake za muziki. Zaidi ya hayo, kabla maandishi yake hayajatulia, aliwahi kuandika jina la flugelihoni mahali pale pale. Wale wanaobishana kwa ukali kwamba ala moja tu ndiyo halali wangefaa kulikumbuka hilo: mwenye kazi mwenyewe alisita.

Basi ala zinazogombea nafasi hiyo ni nne. Ya kwanza ni pembe ya posta yenye valvu. Zilitengenezwa katika karne ya 19, na mafundi wachache wanazitengeneza hata sasa. Nyingine ni tarumbeta, koneti na flugelihoni. Huku kwetu tumezoea kuita kila kitu cha shaba kinachopulizwa "tarumbeta". Vijana wanaopita mitaani na arusi siku ya Jumamosi ni watu wa matarumbeta hata kama mmoja wao amebeba bomba kubwa kuliko yeye. Kwa hiyo inafaa nizitenganishe.

Ukizinyoosha tarumbeta, koneti na flugelihoni za kawaida, zile za Si bemoli, utashangaa kuona kwamba mabomba yao yanakaribiana sana kwa urefu: ni karibu mita moja na nusu kila moja. Noti zao ni zile zile. Kinachozitofautisha ni namna bomba linavyopanuka. Bomba la tarumbeta huwa na upana ule ule kwa sehemu kubwa ya safari yake, kama mwanzi, kisha likafunguka karibu na mwisho. Ndiyo maana sauti yake ni ya kung'aa na yenye makali. Bomba la flugelihoni huanza kupanuka mapema na kuendelea kupanuka, kama pembe ya ng'ombe. Sauti yake ni nene, laini, yenye joto. Koneti imesimama katikati. Nayo, kwa nasaba, ndiyo iliyo karibu na pembe ya posta kuliko zote, kwa sababu mafundi wa Paris waliizaa mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa kuitia pembe ya posta valvu.

Tena kuna kipulizio, kile kikombe kidogo cha chuma ambacho midomo hukutana nacho. Kikombe chenye kina hulainisha sauti, na kikombe kifupi huinoa. Wapulizaji wengine hubaki na tarumbeta yao ya kila siku wakaibadilisha kipulizio tu, wakasema yatosha.

Mtu akisomewa maelezo haya, kisha akiulizwa ni ala ipi ipulize wimbo mtamu wa mbali, bila shaka atajibu: flugelihoni. Ni jibu la akili. Na wako waliolitumia kwa sifa kubwa. Katika santuri iliyorekodiwa mwaka 1970 na London Symphony Orchestra chini ya Jascha Horenstein, mpulizaji William Lang, mtu aliyekuwa amepuliza koneti katika Black Dyke Mills Band kabla ya kuingia okestra, aliichagua flugelihoni, na wanaoipenda santuri hiyo hawachoki kuutaja wimbo ule. Lakini santuri si ukumbi. Mbele ya kipaza sauti, fundi wa mitambo anaweza kuuleta mbele au kuurudisha nyuma wimbo wa mpulizaji kwa ncha ya kidole. Ukumbini hakuna fundi wa namna hiyo. Kuna mlango, na kuna ukuta.

JARIBIO LA REDIO

Naomba msomaji afanye jaribio dogo nyumbani, halina gharama. Washa redio jikoni wakati wa taarifa ya habari, kisha uende barazani, mlango wa jikoni ukiwa umeegeshwa. Utasikia kwamba mtu anazungumza, na pengine utatambua ni mwanamume au mwanamke. Lakini jaribu kuyashika maneno. Herufi kama "s" na "f" na "t" zimepotea. Imebaki mvumo wa irabu. Ngoja hadi muziki uanze, nawe utasikia besi na ngoma zikipenya hadi barazani, ilhali kayamba imebaki jikoni.

Sababu yake ni kwamba mawimbi ya sauti nene ni marefu, na hupinda kwenye kona na kupita mianya kwa urahisi. Mawimbi ya sauti nyembamba ni mafupi. Husafiri kwa mstari kama mwanga wa kurunzi, na yakigonga pazia au koti lililotundikwa humezwa. Sasa, kila noti ya ala ya shaba ni kifurushi cha sauti nyingi zilizofungwa pamoja, nene na nyembamba. Zile nyembamba ndizo zinazoipa ala mng'ao, na ndizo zinazomjulisha msikilizaji ni wapi hasa noti imeanza. Mlango na ujia huzichuja hizo.

Tazama basi kinachompata mpulizaji wetu. Flugelihoni, ambayo kwa asili ina sauti nyembamba chache, inanyang'anywa na mlango hata hizo chache. Ndani ya ujia ilikuwa inaimba kama asali. Ikifika safu ya ishirini imekuwa mvumo, miongo ya wimbo haikatiki tena, na msikilizaji anajiuliza kama kuna gari limepita nje. Tarumbeta kwa upande wake ilikuwa inachoma masikio ya yule mtunza mlango aliyesimama karibu, naye akakunja uso. Lakini ukuta umeipunguza makali, na kule safu ya ishirini inawasili ikiwa tamu na safi. Kumbe ujia wenyewe ni sehemu ya ala. Mtu anayechagua kwa sikio lake mwenyewe, akiwa amesimama pale pale anapopulizia, anachagua sauti ambayo hakuna mwingine atakayeisikia.

Kwa hiyo la kwanza la kufanya si kununua wala kuazima. Ni kumpata rafiki mwenye sikio, kumketisha ukumbini katika viti vya nyuma, kisha kuupuliza wimbo ule ule kwa ala tatu au nne bila kumwambia ni ipi, mlango ukiwa wazi, ukiwa umeegeshwa, ukiwa umefungwa. Na mpulizaji akigeuza mdomo wa ala kuelekea mlango, kisha kuelekea ukuta. Ukumbi mmoja utaipendelea flugelihoni kwa sababu mahali pa kupulizia ni roshani ya juu iliyo wazi, ambapo hakuna kinachochuja. Ukumbi mwingine, wenye ujia wa zege uliopinda, utaidai tarumbeta. Sijui kwa nini jambo jepesi namna hii hufanywa dakika ya mwisho, na mara nyingine halifanywi kabisa.

Hata hivyo isifikiriwe kwamba tarumbeta imekwisha kushinda. Mahler ameweka tarumbeta nyingine ndani ya okestra yenyewe, jukwaani, na ameipa milio mikavu ya kijeshi inayosikika jirani na wimbo wa pembe. Uzuri wa mahali pale umo katika kutofautiana kwao: huyu wa karibu anaamrisha, yule wa mbali anakumbuka. Ala ya nje ikiwa na sauti ile ile ya ala ya ndani, tofauti hiyo hufifia, na msikilizaji hubaki na tarumbeta mbili, moja karibu na nyingine mbali. Kwa sababu hiyo, nikiulizwa niegemee upande mmoja bila kuujua ukumbi, nitaitaja koneti kuwa ya kuanzia. Inao mng'ao wa kupenya mlango, na unene wa kutosha ili isidhaniwe kuwa askari. Pembe ya posta yenye valvu ina sauti yake ya pekee, nyepesi na ya kale, na anayeimudu amejaliwa. Lakini kuimudu ndiko kugumu.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo wapenzi wa muziki walioketi vitini hawalifikirii sana. Wimbo huu unapanda juu na kukaa huko, kwa sauti ndogo, na unadumu kwa dakika kadhaa katika vipindi viwili. Kupuliza juu kwa nguvu ni kazi. Kupuliza juu kwa upole, baada ya kukaa kimya karibu saa nzima, midomo imepoa, ni kazi nyingine kabisa. Flugelihoni kule juu huteleza. Noti mbili zimekaribiana, na shabaha ikikosewa kidogo sana hutokea ile sauti iliyovunjika ambayo kila mtu ukumbini ataitambua, hata mtoto. Fidla kumi na sita zikipiga pamoja, mmoja akikosea amesitiriwa. Aliye nyuma ya mlango hana wa kumsitiri. Kwa hiyo ala nzuri zaidi duniani, ikiwa hutoka kwenye kasha lake mara mbili kwa mwaka, yaweza kuwa ni chaguo baya kuliko tarumbeta ya kawaida ambayo mtu ameipuliza kila siku kwa miaka ishirini.

BARIDI NA SAA

Adui wa pili ni baridi. Jukwaani taa huwaka na watu mia moja hupumua. Ujia mara nyingi hauna joto hilo. Sauti husafiri polepole zaidi katika hewa ya baridi, na kwa sababu hiyo ala ya kupulizwa hushuka. Kwa hesabu ya hewa peke yake, tofauti ya nyuzi 10 za sentigredi huishusha ala karibu theluthi moja ya nusu-toni. Pumzi ya mpulizaji hulipasha bomba joto na kuipunguza hasara hiyo, lakini mtu aliyesimama kimya kwa dakika hamsini hakulipasha kitu. Ndiyo maana utamwona ameikumbatia ala ndani ya koti, au anapuliza pumzi bila sauti, na kipulizio amekitia mfukoni. Zaidi ya hayo, wapulizaji wanajua kwa uzoefu kwamba sauti inayotoka nje ya jukwaa huelekea kusikika ukumbini kana kwamba imeshuka, hata pale anayepuliza anapojiona yu sawa. Basi ala itakayochaguliwa sharti iwe na nafasi ya kupandishwa: ikiwa bomba lake la kurekebishia limekwisha kusukumwa ndani lote hata kabla ya mazoezi, usiku wa onyesho hakutakuwa na pa kukimbilia.

Adui wa tatu ni wakati. Sauti hukimbia mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20. Ni mbio kubwa, lakini mtu akiwa mita 34 kutoka kwa okestra, muziki wao unamfikia umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Naye akijibu sawasawa na alichokisikia, sauti yake inachelewa tena kiasi hicho hicho katika kurudi. Jumla ni moja ya tano ya sekunde, na sikio huitambua bila shida. Zamani mwongozaji msaidizi alisimama mlangoni, jicho moja kwa mkuu wake na mkono mmoja kwa mpulizaji. Siku hizi huwekwa televisheni ndogo inayomwonyesha mwongozaji. Mpulizaji huifuata picha na kujizuia asiyaamini masikio yake, jambo ambalo kwa mwanamuziki ni sawa na kuambiwa atembee macho amefumba. Kwa bahati njema Mahler alikuwa mwongozaji wa okestra kwa kazi yake ya kila siku, na alizijua shida hizi. Chini ya wimbo wa pembe amewapa fidla sauti ndefu za kushikilia, juu kabisa na kwa unyenyekevu, na amemruhusu mpulizaji kwenda kwa uhuru wake. Wao ndio wanaomngojea.

WENGINE WALIOTUMWA NJE

Mahler hakuwa wa kwanza kumtoa mtu nje, wala kila kazi haitaki jibu lile lile. Katika utangulizi wa Leonore namba 3, ulioandikwa na Beethoven mwaka 1806, tarumbeta hulia mara mbili kutoka nje. Katika opera yenyewe mlio huo hutoka mnarani na kutangaza kwamba waziri anafika, hivyo mfungwa aliyekuwa karibu kuuawa anaokoka. Hapa hakuna la kujiuliza juu ya ulaini. Noti zote ni zile za bomba lisilo na valvu, na kinachotakiwa ni mlio wa amri unaoweza kumzuia mtu mwenye kisu mkononi. Flugelihoni ikilia pale, mfungwa amekwisha. Wanamuziki wana hadithi wanayosimuliana kuhusu utangulizi huo: mlinzi wa ukumbi anamkuta mtu akitaka kupuliza tarumbeta kwenye ujia, anaikamata ala na kumkemea kwa kuwa ndani kuna onyesho. Pengine ilitokea, pengine haikutokea. Lakini kwa sababu yake busara ni kumjulisha mlinzi mapema.

Naye Ottorino Respighi, katika Misonobari ya Roma, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1924, ameweka tarumbeta mbali kadiri iwezekanavyo katika sehemu inayohusu makaburi ya chini ya ardhi. Ni wimbo mtulivu, mfano wa sala. Wengi huupuliza kwa tarumbeta ile ile ya kawaida na kuuachia umbali kazi ya kuulainisha. Katika sehemu ya mwisho mtungaji huyo huyo anadai ala za vita za Warumi wa kale, ambazo hakuna anayezo, kisha yeye mwenyewe anashauri zitumike ala za jamii ya flugelihoni. Alijua kwamba jina lililoandikwa juu ya mstari ni ndoto, na kwamba siku ya onyesho mtu atahitaji kitu cha kushika.

Tumrudie yule tuliyemwacha mlangoni. Picha ya mwongozaji katika televisheni imenyanyua mkono wa kushoto. Mtunza mlango ameuvuta mlango inchi mbili zaidi, kama walivyopatana na rafiki aliyeketi safu ya ishirini mchana wa mazoezi. Kipulizio kimetoka mfukoni kikiwa na joto la mwili. Anavuta pumzi, anaanza; na kwa muda wa dakika kadhaa watu elfu mbili wanaelekeza masikio yao mahali wasipopaona.

Simfonia ikiisha, karibu saa nzima baadaye, mwongozaji atawainua wapulizaji mmoja mmoja wapigiwe makofi. Kisha ataelekeza mkono pembeni mwa jukwaa, na mtu wa ujiani atatoka, akipepesa macho kwa mwanga wa taa. Hapo ndipo watu walioko mbele hunyoosha shingo kutazama ameshika nini mkononi.